Kumbikumbi Walioitwa

Masika alikuwa na beseni moja la mbegu za maharagwe, na hakujua siku ya kuzipanda.

Alizaliwa mjini Beni katika nyumba ya magari. Baba yake alikuwa na lori, kaka zake walikuwa na malori, na mume wake Bilali alikuwa na lori mpaka asubuhi ile askari walipolisimamisha barabarani na kulichukua pamoja na chumvi yote iliyokuwa ndani. Bilali alilifuata lori lake upande wa Bunia, hakurudi. Vita vilikuwa katika mwaka wa tatu. Masika alishuka Butembo na binti yake Zawadi, mtoto wa miaka sita, wakapata chumba mtaa wa Mususa. Mjane mmoja aliyeitwa Kyakimwa akamkatia kipande cha shamba kwenye mteremko, nyuma ya uwanja wa ndege wa Rughenda.

Kyakimwa hakutoa kitu kwa moyo. Alisema masharti yake kijitoni, wanawake wote wakisikia.

"Mavuno, nusu yako, nusu yangu. Na siku ya Watakatifu Wote, mwezi wa kumi na moja, nitakuja kuangalia. Nikikuta udongo mutupu, kipande changu kinarudia miye, na weye unaenda kulima barabara pamoja na bwana yako."

Wanawake walicheka. Masika hakucheka, kwa sababu beseni lile lilikuwa mwisho wa kila kitu. Alilipata kwa kutoa vitenge vyake viwili vya arusi. Likipotea, hapakuwa na beseni la pili, hapakuwa na shamba, na kufikia Krismasi asingekuwa na kitu cha kuweka mbele ya mtoto.

Akaanza kuuliza. Wa kwanza alimwambia, "Panda leo leo." Wa pili akasema, "Ngoja mwezi ufe." Wa tatu alikuwa Kyakimwa mwenyewe, ambaye aliinua nguo majini, akaikamua pole pole, akasema, "Ulize camion yako, ile lori yenu. Haikukufundishaka?"

Kuangalia mashamba ya wengine hakukusaidia pia. Mwaka ule mvua ilichelewa. Nusu ya mteremko ilikuwa imepandwa tangu manyunyu ya mwezi wa nane, nusu ilikuwa bado. Waliopanda mapema walikuwa na mbegu nyingine nyumbani, juu ya moshi wa jikoni. Wakikosea wangepanda tena. Masika asingeweza kukosea hata mara moja.

Ndipo Zawadi akarudi kutoka shule na somo.

Mwalimu wake aliitwa Orpa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, diploma yake ilikuwa ya mwaka uliopita, na hakuwa na kawaida ya kuinamisha macho mbele ya mtu. Darasa la kwanza lilikuwa na kitabu kimoja, kitabu cha zamani cha Wabelgiji, na mkurugenzi wa shule alitaka ukurasa wa majira ya kuchipua umalizike wiki ile. Katika ukurasa huo theluji ilikuwa inayeyuka, mtoto mwenye skafu nyekundu alikuwa anamwonyesha kwa kidole ndege juu ya paa. Orpa aliwasomea watoto hadi mstari wa nne, akafunga kitabu, akakikalia.

"Theluji yetu iko juu ya Ruwenzori," aliwaambia, "na haijawahi kumwondolea mtu njaa. Tokeni nje wote. Leo tunasoma ardhi."

Zawadi alimsimulia mama yake yote hayo akiwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Kwanza kuna ule mti wa maua mekundu, unaovaa maua kabla ya majani, kama mutu anayevaa kofia akiwa hana nguo. Darasa lote lilicheka hapo. Kisha mbayuwayu. Ndege wa kitabuni ndiye huyu huyu, mwalimu amesema; kwao baridi ikimuuma anakuja kula kwetu, na Wazungu wanajifanya ni wa kwao. Kisha siafu wanahama, wanabeba mayai yao mdomoni, hawataki maji yawakute bondeni. Kisha chura anaimba kabla ya maji kufika.

"Na ya mwisho?" Masika aliuliza. Alikuwa ameacha kukoroga ugali.

"Ya mwisho ni kumbikumbi. Mwalimu amesema hao ndio bakubwa. Kumbikumbi wakitoka chini na mabawa yao, mama anakamata jembe."

"Amesema vile? Anakamata jembe?"

"Vile vile, mama."

Masika alimfanya arudie mara tatu, mti, ndege, siafu, chura, kumbikumbi, mpaka ugali ukaungua. Mtu wa malori anajua kusikiliza sauti ya injini na kujua kilichoharibika. Aliona hii nayo ni injini, na mtoto wake amemletea funguo.

Kuanzia siku hiyo alitembea akiangalia. Mti mwekundu uliokuwa karibu na kisima ulikuwa umewaka tayari. Mbayuwayu aliwaona siku ya Jumanne, wawili, kwenye waya wa simu ambao tangu vita haukupeleka neno la mtu yeyote. Siafu aliwakanyaga njiani, wakampanda hadi magotini, akapiga kelele na kufurahi wakati huo huo. Siku ya Alhamisi chura mmoja aliimba bondeni, kwa sauti mbaya. Jua lilikuwa bado linapiga. Alishika beseni, akaliweka chini. Bado moja.

Jumamosi, mchana, alikuta njia ya Rughenda imejaa mabawa.

Yalikuwa membamba, ya rangi ya chai, yamelala vumbini kama maganda ya vitunguu. Watoto walikuwa wanapita na midomo inayong'aa kwa mafuta. Zawadi alikuwa kati yao, amefunga kumbikumbi katika pindo la gauni, mashavu yamejaa.

"Bametoka, mama! Kwenye kichuguu cha mama Kyakimwa!"

Masika hakuuliza kitu kingine. Alikamata jembe.

Alilima jioni ile mpaka askari wa uwanja walipofukuza watu, akarudi alfajiri ya Jumapili. Alichimba mashimo, akaweka mbegu tatu tatu, akafunika kwa mguu kama alivyoona wengine wanafanya. Watu wa misa walipokuwa wanarudi, Kyakimwa alisimama juu ya njia katika kitenge chake cha kanisa. Alimtazama Masika, akatazama beseni. Lilikuwa limebaki robo.

"Unapanda," alisema.

"Ninapanda."

"Yote?"

"Yote, mama. Kumbikumbi bametoka."

Kyakimwa alifungua mdomo kusema. Alikuwa na kitu mdomoni, kilionekana. Akakimeza.

"Haya, courage, jikaze," alisema, na akaenda zake.

Mvua haikuja. Haikuja Jumatatu, haikuja Ijumaa, haikuja wiki iliyofuata. Usiku mmoja mawingu yalikojoa kidogo, yakaona haya, yakaondoka. Jua lilirudi na hasira. Ndege moja ilitua Rughenda ikatoka tena, na vumbi lake lilikaa juu ya mteremko saa nzima. Siku ya kumi na mbili Masika alipiga magoti, akafukua shimo moja kwa kidole. Mbegu zilikuwa zimevimba kwa ule unyevu mdogo, zimetoa ncha nyeupe, kisha zimekauka hivyo hivyo, kama mtu aliyekufa akiwa anafungua mlango. Alifukua shimo la pili, la tano, la ishirini. Sehemu nyingine hapakuwa na mbegu kabisa. Kwale walikuwa wamekula.

Alichukua beseni tupu, akaenda nalo moja kwa moja hadi shule.

Orpa alikuwa mbele ya darasa. Masika hakubisha mlango. Alilitupa beseni sakafuni, likazunguka, likapiga mguu wa meza.

"Mwalimu! Njo hii, ndiyo hii somo yako! Umejaza mutoto wangu uongo, naye akaniletea!"

"Mama Zawadi, mbele ya watoto hapana."

"Mbele ya batoto njo ulisemea! Kumbikumbi, ulisema, bakitoka mama anakamata jembe. Nimekamata! Mbegu yangu yote imekufa mu udongo! Diploma yako inakulika? Niletee basi tupike!"

Watoto arobaini waligeuza vichwa kumwangalia mwalimu wao. Orpa hakurudi nyuma.

"Nilisema, na ni kweli," alijibu. "Sijawahi kuona kumbikumbi wakidanganya. Walitoka siku gani?"

"Jumamosi ile. Mchana."

"Mchana, jua kali?" Orpa alikunja uso. "Walitoka wenyewe, au waliitwa?"

Masika alimwangalia kana kwamba amezungumza lugha ya ndege. "Kuitwa vipi? Kumbikumbi iko na jina?"

 Orpa aligeukia darasa, na darasa zima likaangalia chini kwa pamoja. Zawadi alianza kulia bila kuulizwa.

Walikuwa wamewaita. Baada ya somo, mtoto mmoja alisema baba yake anajua, na wote walikuwa na njaa. Wakaenda kwenye kichuguu cha Kyakimwa, watoto kumi na wawili, wakakaa kukizunguka na vijiti viwili viwili, wakapiga udongo tap tap tap tap, polepole kisha kwa haraka, kama mvua inavyoanza. Wengine walimimina maji ya chupa juu. Kumbikumbi waliokuwa ndani, wakisubiri msimu, walisikia mvua ya vijiti, wakaamini, wakatoka. Zawadi alipiga vijiti pamoja na wengine. Hakujua kwamba mama yake alikuwa anawangojea hao hao.

Masika aliketi kwenye benchi la watoto. Magoti yalimfika kidevuni.

"Kila mtu mteremkoni anajua kuuliza swali hilo," Orpa alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ni la kwanza: walitoka au waliitwa? Sikuwaambia watoto. Niliona halihitaji kusemwa. Hilo ni kosa langu, mama, na nalichukua." Akaokota beseni sakafuni, akampa. "Lakini kuna tawi."

"Tawi gani?"

"Kumbikumbi wakiitwa, mwenye kichuguu anakata tawi bichi, analilaza katikati ya njia, ili asiyejua asichukue jembe. Hata kama wameitwa na wezi. Wewe uliona tawi?"

"Niliona mabawa tu."

"Basi twende."

Aliwaachia watoto kuandika herufi ya M mistari ishirini, na mkurugenzi alipomwita kutoka dirishani alijifanya kiziwi.

Kyakimwa alikuwa uani mwake anachambua mchicha pamoja na mke wa mwanawe, Adèle. Aliwaona wanakuja, hakusimama, hakutoa salamu ya *wavukire* wala karibu. Alijua wamefuata nini.

"Mama Kyakimwa," Orpa alianza, "watoto waliita kumbikumbi kwenye kichuguu chako."

"Batoto yako. Bezi bako."

"Ndiyo, wezi wangu. Uliwaona?"

"Nina macho."

"Na tawi ulilaza wapi?"

Kyakimwa alitupa bua la mchicha. "Mutoto wa juzi anakuja kuniuliza tawi hapa kwangu, mu lupango yangu! Tawi iko kwa batu ba shamba. Huyu ni mutu wa mafuta ya camion. Wakati barabara iko nzuri balitupitiaka hapa na chumvi yao, bei juu, juu, juu, tunaomba tupunguziwe kidogo, banacheka. Bilali alicheka mbele yangu! Leo banakuja kutuomba udongo. Aanguke kidogo naye, aonje."

"Miye nilikuuzia chumvi?" Masika alisema.

"Bote ni mamoja."

"Jumapili ulisimama pale. Uliona robo ya mbegu imebaki mu beseni. Ungesema neno moja, ningebakia na ile robo."

"Nilikuambia courage."

Adèle aliinua kichwa. Hakuwa mwanamke wa maneno. "Mama," alisema, "mimi nilikata tawi. Nililiweka njiani. Wewe ulilitoa, ukawapa mbuzi."

Kyakimwa alimpiga mkwe wake kofi la mdomo kwa mkono wenye majani, na hapo hapakuwa na haja ya shahidi mwingine.

"Mbegu ya kukurudishia hapana," alisema akihema. "Sina. Na Watakatifu Wote iko palepale. Tokeni."

Walitoka. Njiani Masika hakulia wala hakumshukuru mwalimu. Aliuliza swali moja tu, swali la mfanyabiashara.

"Kichuguu kikishatoa, kimeisha?"

"Watoto waliwatoa wachache," Orpa alisema. "Wengi bado wako chini. Wale wanangoja mvua ya kweli."

"Na sokoni? Bakuli ya kumbikumbi inapewa nini?"

"Bakuli kwa bakuli la maharagwe, mama. Nusu ya mji haijaonja nyama tangu barabara ilipofungwa."

Masika aliitikia kwa kichwa mara moja.

Mvua ya kweli ilikuja siku ya tisa baada ya hapo, usiku, bila kubembeleza. Ilipiga mabati ya Mususa mpaka watu wakapiga kelele ili kusikilizana. Kulipopambazuka ilikuwa imepungua, na Masika alikuwa tayari ameketi kando ya kichuguu cha Kyakimwa na beseni lake, sufuria mbili na shuka. Zawadi alikuwa nyuma yake chini ya jani la mgomba.

Kyakimwa alikuja na panga.

"Ondoka pale, mwizi."

"Siendi."

"Kichuguu ni cha babu wa bwana yangu!"

"Basi babu ya bwana yako anilipie mbegu. Kata." Masika hakuinuka. Aliweka mkono wake juu ya udongo, vidole vimeachana. "Kata, halafu uende misa."

Panga lilibaki hewani muda mrefu. Na wakati limebaki hewani, kichuguu kilifunguka. Tundu moja kwanza, kubwa kama jicho, kisha saba, kisha ubavu mzima ukaanza kutembea. Wakatoka. Walitoka wakisukumana, mabawa yamelowa, wakapanda hewani, makundi kwa makundi, wakafunika uso wa Masika, wakaingia masikioni. Alitupa shuka juu yao kama mtu anayezima moto. Wakatoka pembeni. Akakimbilia pembeni, wakatoka nyuma. Walikuwa wanakwenda zao angani, mbegu yake yote, na sufuria ilikuwa na kumi.

Kyakimwa alivumilia kwa muda wa kuhesabu labda hadi ishirini. Kisha akashindwa.

"Mujinga weye! Unaziachilia! Nani amekufundisha kufunika sawa vile unafunika mutoto? Acha tundu moja upande wa mwanga! Moja! Zinafuata mwanga!" Alikwisha kutupa panga. "Chimba pale. Shimo, mbele ya tundu. Na mikono, mujinga, na mikono! Shika upande huu. Inua. Usinikanyage!"

"Unanisukuma!"

"Nitakusukuma mpaka Beni! Shika!"

Walishika shuka, mmoja huku na mmoja kule. Kumbikumbi waliona mwanga wa tundu moja, wakaukimbilia, wakaanguka shimoni wengi kama mchele. Zawadi alichota kwa vikombe. Wanawake wawili walitukanana bila kupumzika, mama zao, waume zao, miji yao, na hakuna aliyeachilia ncha yake ya shuka. Saa tatu asubuhi beseni lilijaa, sufuria zote mbili zilijaa, na ndoo ya Kyakimwa, ambayo Adèle aliileta akikimbia, ilijaa pia.

"Nusu," Kyakimwa alisema, akipangusa mabawa kwenye nyusi. "Sawa na shamba."

"Ndoo yako njo nusu yako. Na ile mbegu uliyoiua?"

Kyakimwa aliangalia ndoo, akaangalia beseni. Adèle naye alikuwa anamwangalia, mdomo wake bado una alama. Mjane akainua ndoo yake kichwani.

"Umeniibia," alisema, na akashuka.

Masika alikaanga kumbikumbi wake kavu siku nzima, akapepeta mabawa, akatia chumvi. Hapo sasa alikuwa kwenye kazi yake. Sokoni hakuomba, hakunung'unika. Aliweka bakuli mbele, akajaza hadi kilele, akamwambia kila mama: maharagwe ya mbegu, si ya kula, na niyaone kwanza. Alirudisha yaliyotobolewa na wadudu. Kufikia Jumamosi beseni lilikuwa limejaa mbegu tena, na juu yake kibaba na nusu. Alipanda kwenye tope, mvua mgongoni. Kibaba na nusu alikificha juu ya moshi wa jikoni, kama wenye akili wanavyofanya.

Siku ya Watakatifu Wote, Kyakimwa alikuja baada ya misa kama alivyoahidi. Kipande kizima kilikuwa kijani, majani mawili mawili yamefunguka. Alikitembea mstari kwa mstari, ameshika kitenge chake kisiguse tope, anatafuta. Karibu na mwisho alisimama.

"Hapa," alisema. "Hapa hapana kijani. Shimo nne."

"Kuku yako," Masika alisema.

"Kuku yangu iko na alama?"

"Iko na mwenyewe."

Kyakimwa alisimama pale kidogo zaidi. Mawingu mengine yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Kirumba. Hatimaye alisema, bila kumtazama, kwamba mistari imepinda, kwamba hajawahi kuona maharagwe yaliyopandwa vibaya namna hii, na kwamba palizi isipoanza wiki hii magugu yatayala yote.

"Nitapalilia kesho," Masika alisema.

"Kesho mvua. Kesho kutwa."

Kisha akapanda njia kwenda kwake, akampiga teke kuku aliyekuwa njiani.